Wakongwe wa soka tunaowakumbuka nusunusu

Safari hii maswali yenu karibu yote ni ya wachezaji wa zamani. Yale ya "nipe kikosi bora cha muda wote" nimeyaweka kando, kwa sababu kila anayeuliza ana kikosi chake tayari na hatabadilisha hata kipa wa akiba. Yaliyobaki ni haya.

Tumalizie ubishi, mzee wetu. Kibadeni, Sunday Manara na Zamoyoni Mogella, nani alikuwa mkali kuliko wote? (Wacheza bao, Majengo)

Mnaniuliza hili kila mara, majina yale yale, na ninyi mna jibu lenu mfukoni; mnachotafuta ni shahidi tu. Mimi si shahidi wa mtu. Mogella, "Golden Boy", alitamba miaka ya 1980, wakati wenzake hao wawili waling'ara miaka ya 1970. Mkitaka kubishana, bishaneni kwa kitu kinachohesabika. Julai 19, 1977, Simba iliifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni alitia matatu peke yake. Hakuna aliyerudia hilo kwenye mechi ya watani, hata Novemba 2023 Yanga walipoichapa Simba 5-1. Lakini siku ile ya 1977 Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili. Nani hapo barazani kwenu amemtaja? Hiyo ndiyo hasara ya kusaka mkali mmoja: wenzake wote wanafutika.

Zile tano za Yanga kwa Simba mwaka 1968 walifunga akina nani? (Mwananchi wa Kikuyu)

Maulid Dilunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, Kitwana Manara moja. Juni 1, 1968. Na tafadhali, wakati huo wapinzani walikuwa bado wanaitwa Sunderland.

Mbwana Samatta ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza soka Ulaya, sivyo? (Mwanafunzi, UDOM)

Sivyo. Samatta ni Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, na hilo peke yake ni kubwa, halihitaji kuongezewa chumvi. Sunday Manara, yule aliyeitwa "Computer", alikwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, kabla Samatta hajazaliwa. Mwanangu, uko chuo kikuu, maktaba unayo. Ukimwinua wa leo, usimfukie wa jana.

Babu yangu wa Kondoa ananiambia kulikuwa na mchezaji aliyevaa kitambaa mguuni, amekatazwa kupiga kwa mguu huo kwa sababu shuti lake liliua kipa. Alikuwa nani na wa timu gani? (Mjukuu, Area C)

Hakuwapo. Mwambie babu shikamoo yake kwanza, halafu mweleze taratibu.

Kisa hiki nimekisikia kwa sura nyingi. Mara mchezaji ni Mbrazili, mara ni Mnigeria, mara ni kijana wa Kigoma. Kitambaa mara chekundu, mara cheusi. Mguu ni wa kushoto karibu kila mara, maana hadithi inapenda kushoto. Sheria za soka hazina kifungu kinachozuia mguu wa mtu. Mwamuzi anaadhibu mchezo wa hatari, hapimi nguvu ya shuti. Ndugu yake kisa hiki ni kile cha Wahindi kupiga mabao tisini na tisa kwa uchawi, kisha wakafungiwa maisha. Ukweli ni huu: India walicheza Olimpiki ya London mwaka 1948, wengi wao wakiwa peku, wakafungwa na Ufaransa 2-1. Mwaka 1950 walikuwa na nafasi ya Kombe la Dunia nchini Brazil, wakajitoa. Basi.

Kinachonikera ni kwamba tulikuwa na watu wa mashuti ya kweli, wasiohitaji kitambaa. Gibson Sembuli wa Yanga ni mmoja wao. Agosti 10, 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba wanaongoza kwa bao la Adam Sabu, dakika zinakwisha, Sembuli akasawazisha. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, Sunday Manara akamaliza kazi, 2-1, Yanga bingwa. Muulize babu habari za Nyamagana, utaona atakavyokaa sawa kwenye kiti. Hiyo ndiyo simulizi ya kumrekodi, simu unayo mkononi.

Naomba mnitumie video ya bao la Peter Tino kule Ndola. (Shabiki, Manyoni)

Ndugu yangu, utaitafuta video hiyo mpaka uchoke. Mwaka 1979 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Tulisubiri hadi 1994. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, sisi huku tulikuwa na redio ya mkulima na mawe ya betri ya kuanika juani. Nchi nzima "iliiona" mechi ile kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam.

Mambo yalikuwa hivi. Taifa Stars iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola ikihitaji sare tu. Zambia wakapata bao, Tino akasawazisha, 1-1, tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kocha alikuwa Joel Bendera, ambaye vijana wengi mnamkumbuka kama mwanasiasa na mkuu wa mkoa tu. Fainali zikachezwa Nigeria mwaka 1980. Tulifungwa na wenyeji 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga lile la Nigeria, Thuwein Ally akafunga mengine mawili. Kwenye kikosi hicho walikuwamo Leodegar Tenga, Jella Mtagwa na kipa Juma Pondamali "Mensah".

Tulirudi fainali hizo mwaka 2019, miaka 39 baadaye. Watu wakazaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, na kitu pekee walichokuwa nacho ni sauti ya mtangazaji kichwani mwa wazazi wao. Ndiyo maana nawaonya: siku hizi zinazunguka "picha" na "video" za mechi za zamani zilizotengenezwa na kompyuta, rangi zimekolea, nyasi za kijani kama za Wembley, jezi zina matangazo ambayo enzi zile hayakuwepo. Nimeletewa moja inayodaiwa kuwa ya Ndola. Anayesambaza vitu hivi hamuenzi Tino, anamzika mara ya pili.

Fainali ya 1993 Simba waliuza mechi, kweli si kweli? (Mnyama wa Ipagala)

Kinachojulikana: Kombe la CAF, Stella ya Abidjan, sare ya 0-0 kwao, kisha Simba wakafungwa 2-0 nyumbani Dar es Salaam mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mengine yote ni maneno ya vijiweni, na baadhi ya wanaotajwa wameshatangulia mbele za haki, hawawezi kujitetea. Timu iliyofika fainali ya Afrika inakumbukwa kwa shutuma, si kwa majina ya wachezaji wake. Ungeniuliza ilimtoa nani njiani mpaka ikafika pale, ningekaa nawe mpaka usiku.

Mnatulazimisha kukumbuka watu wa Kariakoo. Dodoma hatukuwahi kuwa na timu ya maana kabla ya Dodoma Jiji. (Kijana wa Nkuhungu)

Nusu ya kwanza nakubaliana nawe, nusu ya pili inaniuma.

Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Lakini kabla yake uwanja huo huo wa Jamhuri uliwahi kujaa kwa ajili ya CDA na Waziri Mkuu, na baadaye Polisi Dodoma. CDA ilikuwa timu ya ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 serikali ilipoamua kuhamia huku. Timu za namna hiyo zilikuwa kila kona: Reli kule Morogoro, Pamba kule Mwanza. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Asubuhi ofisini au karakana, jioni mazoezini, mwisho wa mwezi mshahara, akistaafu ana kiinua mgongo. Mikoa ikatoa mabingwa: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union 1988. Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kuuzwa na kupunguza watu, na timu zikawa za kwanza kukatwa. Hakuna aliyeuliza makombe na madaftari ya usajili yanakwenda wapi. CDA yenyewe ilivunjwa 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri.

Kwa hiyo historia ya soka ya Dodoma leo iko kwenye maboksi chini ya vitanda Makole, Kizota na Chamwino. Mzee wako akikuonesha picha ya kikosi, usiishie kusema "duh". Igeuze nyuma, uandike kwa kalamu: waliosimama kuanzia kushoto, waliochuchumaa, mwaka, uwanja, walicheza na nani. Lakabu haitoshi. "Mandevu" na "Fundi" wamejaa nchi nzima. Jina la baba pia. Halafu ipige picha kabla mchwa hawajaifikia.

Mfungaji aliyetia mabao mengi kwa msimu mmoja wa ligi yetu ni nani? (Bahi)

Mohamed Hussein "Mmachinga" wa Yanga, mabao 26, mwaka 1999. Swali zuri, fupi, lina jibu. Igeni.

Mchezaji wa zamani anaumwa mtaani kwetu na watu wanapitisha mchango kwenye simu. Nichangie? (Mama wa Mpwapwa)

Changia, mama, lakini nenda ukamwone kwanza. Namba inayopita kwenye makundi ya simu inaweza kuwa ya mtu asiyemjua hata kwa sura. Uliza mjumbe wa mtaa, mpe mke au mwanawe mkononi. Na ukifika, usiende na kamera mbele. Mzee aliyekuwa akipigiwa makofi na uwanja mzima hataki picha yake akiwa kitandani na shuka limemwanguka. Klabu alizochezea zitatuma jezi na salamu za rambirambi siku ya msiba, hilo halina shaka. Bima ya afya angeihitaji sasa, na viongozi wenye wanachama wanaolipa ada kila mwaka hawana sababu ya kushindwa.

Eti Simba iliwahi kuitwa Sunderland? (Jina limehifadhiwa)

Ndiyo, mpaka 1971. Umefanya vema kuficha jina.