Achana na Spika, Gonga Kengele Yenyewe

Msomaji mmoja ameona video ya reli yangu ya mfano, yaani reli ndogo ya mezani, akaniandikia akiomba faili la sauti la kengele za kibanda changu cha ishara, kile ambamo msimamizi huongoza treni. Anataka aliweke kwenye kadi ya kumbukumbu, afunge spika ndogo chini ya meza, kazi iishe. Kabla ya kuomba amenimwagia sifa, na sifa mimi sizikatai. Lakini faili sina, ndugu yangu. Ulichokisikia kwenye video ile ni nyundo inagonga chuma. Hakuna rekodi hata moja.

Wengi mnaojenga reli za mfano za Uingereza mmefika hapohapo. Vilima vimepakwa rangi, mikono ya ishara inapanda na kushuka, treni inazunguka bila kuacha njia, na kibanda cha ishara kimesimama pembeni kama sanamu. Kibanda hicho ni bubu. Kwenye mfumo wa bloku reli hukatwa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu kwa wakati mmoja. Msimamizi wa kibanda hamwoni mwenzake wa mbele, kwa hiyo humgongea kengele. Pigo 1 ni hodi. Mwenzake akiitikia kwa pigo 1, yeye hugonga 3, hutulia kidogo, kisha 1: nina treni ya kawaida ya abiria, njia nyeupe? Aliye tayari kuipokea huyarudia mapigo yaleyale. Asiye tayari hunyamaza. Treni ikiingia kwenye kipande, mapigo 2. Ikishapita upande wa pili ikiwa na taa yake ya nyuma, yaani hakuna behewa lililoachwa njiani, hugongwa 2-1. Ukisikia 6 mfululizo, njia ina hatari, simamisha kila kitu.

Watu walikufa ndipo utaratibu huo ukashikwa kila mahali. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili, na mabehewa ya nyuma yakateremka kinyumenyume hadi yakaigonga treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80, wakiwemo watoto wengi. Treni hizo zilitenganishwa kwa dakika za saa tu, bila kengele ya kuuliza kama njia ni nyeupe. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyoipa serikali nguvu ya kuzilazimisha kampuni za reli kutumia bloku kwenye njia za abiria.

Nayasema haya kwa sababu kwenye maonyesho fulani mzee mmoja wa fani hii alisimama mbele ya meza yangu na kutangaza, watu wakisikia, kwamba kengele zangu ni kelele, na kwamba mtu makini hushughulika na injini. Sikumjibu, ni mkubwa wangu. Ila neno lile bado linanikereketa. Mchana ule watoto walipanga foleni kugonga 3-1 na kusubiri wajibiwe kutoka ncha ya pili ya meza, na kwenye injini zake za bei mbaya hakukuwa na foleni yoyote. Basi, tuyaache.

Vifaa ni vichache. Kuba la kengele ya baiskeli linatosha, mradi ulishike katikati tu, kwa skrubu na vipande vya mpira juu na chini. Likigusana na mbao pembeni, mlio unakufa. Solenoidi ndogo ya volti 12, yaani koili ya waya inayovuta kipande cha chuma umeme ukipita, ndiyo mkono. Usiiunge moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, ile kompyuta ndogo ya kuandikia programu, kwa sababu inakula umeme mwingi kuliko pini inavyoweza kutoa. Weka transista, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, katikati, na dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Umeme ukikatwa, koili hurudisha volti kali kinyume, na bila dayodi transista yako haitadumu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo kengele nyingi za mafundi wa nyumbani zinapoharibika. Vuta solenoidi kwa mkono hadi mwisho wa safari yake uangalie kichwa cha nyundo. Hakitakiwi kugusa kengele. Kinatakiwa kuishia unene wa kadi moja hivi kabla ya kuifikia, na mpini wake uwe waya wa chuma unaonesa. Umeme ukipita, solenoidi huvuta na kusimama mwisho wa safari yake, nyundo hunepa mbele kwa kasi yake yenyewe, hugonga na kurudi. Ndipo unapata ‘ding’ inayoning'inia hewani. Nyundo inayokandamiza chuma inatoa ‘tak’, na hapo hata mimi ningekubali ni kelele. Muda wa umeme nao uwe mfupi. Anza na milisekunde 30, ongeza au punguza kidogokidogo huku ukisikiliza. Sikio ndilo fundi.

Asiyependa kuandika programu atumie kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme na kuumwaga kwa mkupuo. Kitufe kikiwa kimetulia, kapasita inajaa kupitia rezista. Ukibonyeza, inajimwaga kwenye koili. Hata ukishikilia kitufe mpaka kesho, unapata pigo moja tu. Na kengele ya mlango ya zamani, ile inayolia mfululizo, inafaa vilevile: ruka kile kikatizo kinachoizimisha na kuiwasha, umeme uende kwenye koili moja kwa moja.

Sasa niwaambie ukweli, vijana. Tunapenda mno kubonyeza kitufe kimoja tutendewe kila kitu. Nimeona programu inayogonga 3-1 yenyewe, inajijibu yenyewe, na mwenye reli amekaa pembeni anatazama. Hiyo ni redio. Acha mkono wa mtu ugonge, na mtu mwingine ajibu. Jifunze mapigo, yapime nafasi, usiyakimbize. Ukigonga 2-1 bila kutulia katikati, mwenzako atasikia 3. Uvivu wa kusikiliza hautibiwi na Arduino.

Kwa hiyo tengeneza kengele mbili, kila kibanda na yake, na kitufe cha huku kigonge ya kule. Kama kibanda chako kiko katikati na kina majirani pande zote mbili, zipe kengele zake sauti tofauti, kuba moja kubwa na moja dogo. Wasimamizi wenyewe walijua nani anaita kwa mlio tu, bila kugeuza shingo. Ukitumia Arduino mbili zenye umeme wa vyanzo tofauti, unganisha hasi zao, la sivyo upande wa pili hautaelewa kitu. Ukishamaliza kufunga waya, gonga 16. Hayo ndiyo mapigo ya kujaribu kengele. Yakifika yote 16 upande wa pili, niandikie tena, na safari hii usiombe faili.