Maswali Yenu: Warusi Watano na Kalamu ya Rimsky-Korsakov

Mtunzi Tchaikovsky naye alikuwa mmoja wa wale Watano, kundi la watunzi wa muziki wa Kirusi wa karne ya 19?
Hapana. Ni Balakirev, Cui, Borodin, Mussorgsky na Rimsky-Korsakov. Swali hili silijibu tena.

Rekodi yangu ya "Picha Kwenye Maonyesho" ni ya okestra, ya mwenzangu ni piano tupu. Ipi ya kweli?
Ya mwenzako. Mussorgsky aliitunga kwa ajili ya piano mwaka 1874, baada ya kufiwa na rafiki yake Hartmann, msanifu majengo na mchoraji. Okestra aliiweka Ravel, Mfaransa, mwaka 1922. Ni nzuri, sibishi. Ila Ravel alifanyia kazi noti zilizokwisha kupitiwa na Rimsky-Korsakov, na hapo ndipo ninapokereka. Sikiliza "Bydło", kipande cha mkokoteni wa ng'ombe. Mussorgsky aliandika uanze kwa kishindo, mkokoteni uko tayari mbele ya pua yako. Rimsky-Korsakov akaona heri uanze kwa sauti ya chini, kana kwamba unatokea mbali, Ravel akamfuata, na wasikilizaji wengi wakazoea hivyo. Kabla hujanunua noti za Mussorgsky, tazama jina la mhariri.

Si Rimsky-Korsakov ndiye aliyeiokoa "Boris Godunov", opera ya Mussorgsky?
Alisaidia ichezwe, nampa haki yake. Lakini opera hiyo ilikwisha kuonyeshwa St. Petersburg mwaka 1874, mtunzi akiwa hai, baada ya kulazimika kuiandika upya: ile ya 1869 ilikataliwa, lawama mojawapo ikiwa haina mwanamke mwenye nafasi kubwa. Mussorgsky alipofariki mwaka 1881, mwenzake akaipangia okestra upya na kulainisha palipokwaruza. Na mkwaruzo ndio utamu wenyewe! Rimsky-Korsakov alipewa uprofesa mwaka 1871 kabla hajazijua kanuni za utunzi vizuri, akawa anajifunza huku anafundisha. Watu wa namna hiyo huwa wakali kuliko walimu wao.

Borodin alikuwa mkemia kweli au porojo?
Kweli, tena profesa. Ndiyo maana alifariki mwaka 1887 opera yake "Prince Igor" haijakwisha. Nani aliimalizia? Yuleyule Rimsky-Korsakov, akisaidiwa na mtunzi Glazunov.

Mimi mgeni kabisa, nianzie wapi?
"Scheherazade" ya 1888, kazi ya okestra. Kama umesoma Alfu Lela Ulela, fidla inayocheza peke yake ndiye msimulizi. Ni ya Rimsky-Korsakov, ndiyo. Kwenye kazi yake mwenyewe sina ugomvi naye.