Manjano, sufuria na spiriti: ukali si kipimo cha dawa

SWALI: Nachemsha unga wa manjano ili nipate kiini chake. Nilianza na dakika ishirini, sasa nimefika saa tatu mpaka maji yanakuwa mazito na ya kahawia, lakini mashapo ya njano bado yanabaki chini ya sufuria. Jirani ananishauri niloweke unga kwenye spiriti kisha niikaushe juani, eti nitapata dawa safi yenye nguvu mara kumi. Niendelee kuchemsha au nimfuate?

JIBU: Zima moto, na spiriti usiiguse. Hayo mashapo unayoyaona kama makapi ndiyo yaliyobeba unachokitafuta. Kurkumini, kiambata kinachoyapa manjano rangi yake, karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta na kwenye ethanoli, ile alkoholi ya kwenye pombe. Hata ukichemsha kutwa nzima itabaki pale chini, na joto la muda mrefu litaanza kuiharibu. Uzito wa maji yako umetokana na wanga ulioiva, nayo mafuta yenye harufu yalikwisha kupaa na mvuke.

Maswali ya aina hii nayapata kila mara, na mmea hubadilika tu: leo manjano, kesho mwarobaini, keshokutwa mlonge. Imani iliyo nyuma yake ni ile ile, kwamba dawa ikiwa nyeusi zaidi, chungu zaidi na nzito zaidi ndiyo imekolea. Si kweli. Uchungu na ukakasi unaoongezeka kadiri unavyochemsha mara nyingi ni tanini, kemikali zinazokausha mdomo, na tanini hutoka kwenye majani na magome ya mimea mingi, iwe ina dawa au haina.

Tazama kitunguu saumu. Alisini, kiambata chake kinachosifiwa sana, haimo kwenye punje nzima. Huzaliwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya kukutana na alini, kiambata kingine cha punje hiyo. Anayechemsha punje nzima huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, kisha anakunywa maji yenye harufu akiamini ametibiwa. Artemisia, mmea unaotoa dawa ya malaria, nayo inafundisha jambo hilo hilo. Mtafiti Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wakipata matokeo yasiyotabirika, mpaka alipozingatia maandishi ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4, yaliyoelekeza mmea ulowekwe majini na kukamuliwa, bila kutaja moto. Akageukia etha, kiyeyushi kinachochemka kwa nyuzi 35 tu za Selsiasi, na Oktoba 1971 dawa ikafanya kazi kwa panya wenye malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kilichomfikisha huko ni kupunguza joto, wakati watu wetu wanaongeza kuni.

Sasa spiriti. Spiriti ya kuwashia majiko au ya kusafishia mara nyingi hutiwa methanoli, alkoholi yenye sumu, makusudi ili isinyweke, na methanoli huua neva ya jicho. Jirani yako atasema itapaa juani. Utajuaje kwamba imepaa yote? Rangi na vitu vichungu vinavyochanganywa humo havipai. Vinabaki kwenye utomvu utakaoulamba. Ukiamua kuharakisha kwa jiko, mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye moto na kulipuka. Maabara hutumia ethanoli safi, huivukiza kwa joto dogo ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha hupima kiyeyushi kilichosalia. Kipimo hicho cha mwisho ndicho wauzaji wa "kiini safi" wasichokuwa nacho, na ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.

Na hiyo "nguvu mara kumi" ni mara kumi ya nini? Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya manjano makavu, na kiwango hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini, dawa ya malaria, kutoka gome la mti wa sinkona mwaka 1820, faida kubwa ilikuwa kwamba daktari aliweza kujua mgonjwa amepewa kiasi gani. Asiyepima hana alichokitenga. Amekoleza kila kilichomo, pamoja na dawa za kuulia wadudu, na hata risasi, ile metali yenye sumu, maana kuna wafanyabiashara wanaotia kromati ya risasi kwenye manjano ili yang'ae.

Usiniambie ni asili kwa hiyo haidhuru. Manjano ya kwenye chakula watu wameyala vizazi na vizazi, lakini vidonge vya manjano yaliyokolezwa, hasa vyenye kiambata cha pilipili manga cha kuongeza ufyonzwaji, vimehusishwa na madhara ya ini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ini lenye matatizo, asivionje kabla ya kuongea na daktari wake. Wewe kaanga manjano yako kwa mafuta kidogo, moto wa wastani, yaingie kwenye mboga pamoja na hayo mashapo.

Kama umeshakunywa chochote kilicholowekwa kwenye spiriti, usingoje dalili. Sumu ya methanoli inaweza kukaa kimya kwa saa nyingi, hata siku nzima, kabla macho hayajaanza kuona ukungu, na matibabu husaidia zaidi yakianza mapema. Nenda hospitali sasa hivi, na chupa ya spiriti uende nayo.