Maabara isiyo na diski: kwa fundi anayeanza na LTSP

Umekabidhiwa chumba chenye kompyuta ishirini za zamani na seva moja nzuri, ukaambiwa zote ziwake kutoka kwenye seva hiyo ya Linux kwa LTSP (Linux Terminal Server Project), mfumo wa kuwasha kompyuta nyingi kutoka kwenye seva moja. Kabla hujagusa kebo, amua jambo moja: kazi ya mwanafunzi itafanyika ndani ya seva, au ndani ya mashine aliyoikalia? Mafundi wengi huruka swali hili, na malalamiko mengi ya baadaye, ya polepole, ya video kukatakata, ya seva kuelemewa, huanzia hapo.

Kwa njia ya zamani, mashine ni skrini, kibodi na kipanya tu. Programu zote zinaendeshwa na seva, na kinachopita kwenye waya ni picha ya skrini. Kwa kujifunza kuchapa na kuandika barua njia hii inatosha kabisa. Sasa piga hesabu ya video. Picha ya nukta 1280 kwa 720, kila nukta ikichukua baiti 4, ikibadilika mara 25 kwa sekunde, ni megabaiti 92 hivi kila sekunde ikiwa haijabanwa. Hiyo ni takriban megabiti 737, yaani mwanafunzi mmoja anayetazama somo la video anakaribia kuumaliza mtandao wa gigabiti moja. Wenzake kumi na tisa wanabaki wanaangalia kipanya kilichoganda. Zipo njia za kuibana picha hiyo, lakini kubana nako kunakula prosesa ya seva.

Njia ya pili ndiyo ninayokushauri uanze nayo. Mashine haina diski, inasoma mfumo wote kutoka kwenye seva, lakini inafikiri kwa prosesa na RAM yake yenyewe. Seva inabaki kuwa ghala la mafaili, kwa hiyo haihitaji kuwa ya bei mbaya. Masharti ni mawili tu: mashine ziwe na RAM ya gigabaiti 2 au zaidi, na mtandao uwe wa gigabiti angalau kwenye mlango wa swichi unaoingia seva. Kama ulizopewa zina megabaiti 512, usijilazimishe. Zitumie kuingia kwenye seva kwa mbali, na fedha uliyotaka kununulia vitu vingine uiweke kwenye RAM ya seva, maana vivinjari vya siku hizi havina huruma.

Mradi wa LTSP ulianzishwa na Jim McQuillan mwaka 1999, na mwaka 2019 uliandikwa upya kuanzia mwanzo na Alkis Georgopoulos, anayehudumia maabara za shule za Ugiriki. Nakueleza haya kwa sababu moja ya kikazi. Maelekezo mengi utakayoyakuta mtandaoni ni ya kabla ya 2019. Ukiona mwongozo unakwambia uandike `ltsp-build-client`, au unataja faili la `lts.conf`, au folda ya `/opt/ltsp`, funga ukurasa huo. Si mbaya, ila ni wa mfumo mwingine, na kuchanganya miongozo miwili kutakupotezea siku nzima. Kwenye toleo la sasa faili la mipangilio ni `/etc/ltsp/ltsp.conf`, na amri za msingi ni chache: `ltsp dnsmasq`, `ltsp image /`, `ltsp ipxe`, `ltsp nfs` na `ltsp initrd`.

Ielewe `ltsp image /` vizuri. Inachukua mfumo uliomo kwenye seva yenyewe, inaubana na kuuhifadhi kama faili moja ndani ya `/srv/ltsp/images`. Mashine zote zinasoma faili hilo. Maana yake ukiweka programu mpya kwenye seva leo, wanafunzi hawataiona mpaka uirudie amri hiyo na mashine ziwashwe upya. Na ukimwongeza mwanafunzi mpya kwenye seva, rudia `ltsp initrd`, la sivyo ataandika nywila sahihi na kukataliwa. Mwalimu atakupigia simu kwamba mfumo umeharibika, kumbe haujaharibika.

Sasa tuje kwenye kinachowakatisha tamaa wanaoanza: mashine inawashwa, skrini inabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi. Usikimbilie kubadilisha mipangilio. Kuwaka kwa mtandao ni mlolongo. Kwanza kadi ya mtandao inahisi waya. Pili inaomba anwani ya IP kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Tatu inaambiwa faili la kuanzia liko wapi. Nne inalivuta faili hilo kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili. Tano iPXE, programu iliyomo kwenye faili hilo, inashika usukani na kuileta kernel (kiini cha Linux), kisha mfumo wenyewe unafunguliwa kwa NFS, njia ya kusoma mafaili ya seva kupitia mtandao. Ukijua umekwama hatua ya ngapi, nusu ya kazi imekwisha.

Kwenye mashine za zamani skrini yenyewe inakutajia hatua kwa msimbo wa kosa wa PXE, yaani mfumo wa kadi wa kuwaka kwa mtandao. PXE-E61 ni waya: kebo imechomoka, imekatika, au mlango wa swichi umekufa. PXE-E51 ni kwamba hakuna aliyejibu ombi la DHCP. PXE-E53 ni kwamba anwani imepatikana lakini jina la faili la kuanzia halikutajwa. Hapo mara nyingi ruta ya intaneti ndiyo iliyojibu, na dnsmasq ya seva yako, programu inayopaswa kulitaja faili hilo, haifanyi kazi. PXE-E32 ni TFTP, na kitu cha kwanza kukagua ni ukuta wa moto (firewall) wa seva kwenye mlango wa UDP 69, ambao ni namba ya huduma, si tundu la swichi.

Hiyo E51 ina chanzo kimoja ambacho huwatesa mafundi hodari. Swichi za kusimamiwa, zile zenye itifaki ya kuzuia mizunguko ya mtandao, huushikilia mlango kwa sekunde kama 30 kabla ya kuuruhusu kupitisha data. Mashine inaomba anwani, haijibiwi, inakata tamaa kabla mlango haujafunguka. Seva nzima, kebo nzima, mipangilio sahihi, na bado haiwaki. Ingia kwenye swichi uwashe portfast, mpangilio unaofungua mlango papo hapo, kwenye milango ya mashine za wanafunzi. Njia rahisi ya kulithibitisha ni kuweka swichi ndogo ya kawaida kati ya mashine na ukuta: ikiwaka, umempata mwizi wako.

Mashine mpya za UEFI, zile zilizoacha BIOS ya zamani, zina lake: zima Secure Boot, kinga inayokataa programu za kuwashia zisizo na saini, maana iPXE hiyo haina saini inayokubalika. Na Wi-Fi isahau kwa kazi hii.

Kebo zikague kwa macho na kwa amri. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya; plagi iliyobanwa vibaya ikapoteza jozi moja inaweza kushuka hadi megabiti 100 bila kukuambia kitu. Andika `ethtool` ikifuatiwa na jina la kadi ya mtandao, usome mstari wa `Speed`. Ukiona 100Mb/s kwenye kebo ya seva, kata ncha hiyo ubane upya kabla ya kulaumu chochote kingine.

Kwenye mashine chakavu angalia pia betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine inasahau kwamba inapaswa kuwaka kwa mtandao, na tarehe yake inarudi nyuma miaka mingi, kisha tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Nunua za mashine zote kwa mpigo.

Waeleze walimu mapema kwamba chochote kinachobadilishwa kwenye mfumo wa mashine kinaishi ndani ya RAM na kufutika ikizimwa. Kwa maabara hiyo ni neema kubwa: mtoto hata akiharibu, unazima na kuwasha. Lakini kazi zao zinabaki salama tu zikiwa ndani ya folda zao za nyumbani, ambazo ziko kwenye seva. Kwa hiyo `/home` inakiliwe kila siku kwenye diski nyingine, na diski hiyo isikae chumba kimoja na seva.

UPS (betri ya akiba ya umeme) moja nzuri iende kwa seva na swichi kabla ya kitu kingine chochote. Seva ikizimika ghafla, chumba kizima kinaganda. Umeme ukirudi, seva iwashwe kwanza, isubiriwe mpaka ifike kwenye skrini ya kuingilia, kisha mashine ziwashwe tano tano, zisivute mfumo zote kwa wakati mmoja. Andika utaratibu huo kwenye karatasi na uubandike mlangoni, kwa sababu siku hiyo wewe hutakuwepo.