Simu hiyo utapiga mwenyewe, baba

Kibosho, Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimekaa jikoni na moto umeshazimika. Unasema daktari wa huko Arusha amekwambia kinachokusumbua kinaitwa hofu ya kijamii, yaani kuogopa macho na hukumu ya watu, na kwamba kuna njia mbili: vidonge vya sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi, au kukutana na mwanasaikolojia kila wiki. Amekuachia uchague. Mchungaji amekwambia ufunge siku tatu. Rafiki yako wa ofisini amekupa vidonge vinne vya diazepamu kwenye karatasi. Halafu ukaniuliza mambo mawili: "Mama, ungekuwa wewe ungechagua ipi?" na chini kabisa, "Unaweza kunipigia simu hospitali uniombee miadi?"

Nitajibu yote mawili. Lakini kwanza nina deni kwako.

Nimefanya uuguzi miaka 31. Wagonjwa wa watu niliwasoma usoni kabla hawajafungua mdomo, na wewe uliyekuwa nyumbani kwangu sikukusoma. Niliita aibu. Shangazi zako niliwaambia huyu mpole, amemfuata babu yake. Ulipokuwa na miaka 12 nilikutuma dukani mafuta ya taa, ukarudi na chupa tupu na noti imelowa jasho kiganjani. Ulisema duka limefungwa. Lilikuwa wazi, nililiona kutoka barabarani. Nikakuonea huruma, nikaenda mwenyewe, na tangu siku ile nikawa nakwenda mwenyewe. Mgeni akikuuliza uko darasa la ngapi, najibu mimi. Mwalimu wako wa kidato cha pili alipokuchapa kwa kushindwa kusoma kwa sauti mbele ya wenzako, nilifunga safari hadi shuleni kuomba usiitwe tena kusoma. Wakakubali, nikarudi nyumbani nimefurahi. Kumbe kila nilipokusemea nilikuwa nakuthibitishia kwamba kweli hatari ipo na wewe huiwezi.

Krismasi iliyopita ndiyo iliyonifungua macho. Baba yako mdogo alipokuita utoe neno la shukrani kwenye kikao cha ukoo, niliangalia mikono yako. Ulishika chupa ya maji, kidole gumba kinabandua karatasi yake polepole mpaka ikatoka yote. Ukasema "asanteni" moja, ukatoka. Nikakukuta zizini unakatakata majani ya ng'ombe yaliyokuwa yameshakatwa, shati limegandia mgongoni. Na mimi nilikuwa nimekuletea sahani yako ya nyama hukohuko zizini. Nisamehe kwa sahani ile.

Sasa dawa. Hivyo vidonge vinne vya rafiki yako usivimeze. Diazepamu inatuliza kweli, tena upesi, na hapo ndipo ilipo shida: mwili unaizoea, unataka zaidi, na mtu aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Nimewapokea wodini watu wa namna hiyo. Vilevile utasikia watu wakisifia propranololi, ile ya kutuliza mapigo ya moyo kabla ya kuhutubia. Inasaidia baadhi ya watu kwa tukio moja, lakini wewe ulikuwa na pumu, na mwenye pumu haifai. Daktari akiitaja, mwambie habari ya pumu kabla hajamaliza kuandika. Bia pia naitaja, kwa sababu umekiri kwamba kabla ya harusi ya mwenzako ulikunywa mbili ndipo ukaweza kuingia ukumbini. Wengi wenye hofu hii wamezamia kwenye pombe kwa kuanzia hivyohivyo.

Sertralini ni jambo lingine, na daktari wako hakukosea kuitaja. Haileti uteja kama diazepamu. Ila haina haraka: hesabu wiki nne hadi sita kabla hujaona badiliko la maana, wengine hadi kumi na mbili. Siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka, kichwa kuuma, usingizi kuruka, hata wasiwasi wenyewe kupanda kidogo. Wanaume wengine hupungukiwa nguvu za chumbani, na wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa kuona haya kulisema. Wewe sema, dozi hurekebishwa. Ikikusaidia, utaendelea nayo miezi kadhaa baada ya kupata nafuu, na utaiacha kwa kupunguza kidogokidogo, maana ukiikata ghafla utasikia kizunguzungu na vishoti kichwani kama umeguswa na umeme. Jambo moja naliweka peke yake kwa sababu una miaka 24. Kwa vijana wa umri wako dawa za kundi hili zinaweza, wiki za mwanzo, kuleta mawazo ya kujidhuru. Haiwapati wengi. Ikikupata, usisubiri kliniki ijayo. Nipigie hata saa nane usiku, na uende hospitali usiku huohuo.

Na mazungumzo? Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Wala si mawazo yangu ya kijijini tu: mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2013 unaiweka mbele tiba hii ya fikra na matendo kwa watu wazima wenye hofu ya kijamii. Dawa na mazungumzo vyote vinasaidia; tofauti ni kwamba ukiacha dawa hofu hurudi kwa wengi, wakati ulichojifunza kwa mazungumzo huwa kinabaki nawe zaidi.

Lakini ujue unachokitafuta. Kukalishwa ukaambiwa "jiamini" si tiba, hilo hata mimi nimekwambia miaka yote na halijafaa kitu. Chukua lile ulilonisimulia, kwamba unapitilizwa kituo cha Sakina kwa sababu huwezi kumwambia konda "shusha", unasubiri abiria mwingine aseme, wakati mwingine unateremka mbali na kurudi kwa miguu. Mtaalamu wa kweli ataanzia hapo. Atakwambia uandike unachotegemea kitatokea: sauti itakwama, daladala nzima itageuka, watacheka. Halafu utakwenda kusema, bila simu ya kujifichia uso, bila kulirudia neno moyoni mara ishirini. Utaangalia nje, nani kageuka, konda kafanya nini. Kisha utalinganisha na ulichoandika. Wiki inayofuata ngazi nyingine: kuuliza bei sokoni kisha usinunue, kuuliza swali moja kwenye kikao cha asubuhi ofisini. Mara nyingi ni vikao 12 hadi 16, kila wiki. Kwa hiyo siku ya kwanza muulize: tutafanya mazoezi huko nje, au tutaongea tu? Akijibu tutaongea tu, tafuta mwingine.

Najua wanasaikolojia ni wachache na bei inauma. Anzia kitengo cha afya ya akili pale hospitali ya Mount Meru, na kama huko hupati mtu wa tiba hiyo, hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna idara ya magonjwa ya akili, utalala nyumbani. Uliza bima yako inalipia nini kabla ya kuanza. Ikipita miezi mitatu ya mazoezi ya kweli na bado umekwama, au ukiona hofu ni kubwa kiasi kwamba huwezi hata kuanza, au huzuni imekuja juu yake, basi ongeza sertralini bila kujiona umeshindwa. Vyote viwili huenda pamoja.

Mchungaji namheshimu. Funga kama moyo wako unataka. Mimi nakuombea kila alfajiri na sitaacha. Ila mchungaji huyohuyo anapima sukari kila mwezi na anameza dawa zake. Na wale wa ukoo wakisikia "afya ya akili" wanaona Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, wanaona kamba na kelele. Waache kwangu, nitawajibu mimi. Hofu hii iliingizwa kwenye vitabu vya Wamarekani vya uchunguzi wa magonjwa mwaka 1980, na kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, kama ilivyoanza kwako. Hukuitafuta.

Sasa la pili, la simu. Nilishaishika mkononi, baba. Nilishaitafuta namba. Nikaiweka chini.

Simu hiyo utapiga mwenyewe. Useme jina lako, useme daktari amekuelekeza kitengo cha afya ya akili, uulize siku gani. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Anayepokea amekuwa akisikia sauti za watu wenye maumivu tangu saa mbili asubuhi. Ikikatika, piga tena. Nimekaa kwenye dawati lile miaka, hakuna aliyewahi kunitetemekea nikamcheka.

Ukishapata siku, niambie. Nitashuka na hiace ya asubuhi, nichukue Coaster pale Moshi, saa nne niwe Arusha. Nitakaa kwenye benchi la nje mpaka utoke. Kwa daktari utaingia peke yako, maana nikiingia nitaanza kukujibia, najijua. Na tutapanda daladala pamoja kutoka Sakina. Mimi nitakaa kimya, nimeshika pochi yangu. Kituo cha hospitali kikikaribia, wewe ndiye utakayesema "shusha".

Mama yako