Maswali na majibu: Dua kabla ya ajenda, au ndani ya ajenda?

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba dua haina ubaya kwenye mikutano ya serikali za mitaa, ilimradi imalizike kabla mwenyekiti hajatamka "nafungua mkutano". Tangu siku ile simu haijapumzika. Wapo walioniita mpinga Mungu, na yupo aliyeniita mlokole. Maswali ni mengi, haya saba ndiyo yaliyonikaa kichwani.

Katiba inasema nchi haina dini. Mbona mkutano mkuu wa kijiji chetu unaanza na maombi? (Mwananchi, Singida)

Ni kweli, ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Isiyo na dini ni nchi. Watu wake wanazo, tena wengi hawapandi hata basi bila kumtaja Mungu. Pale Dodoma kikao cha Bunge huanza kwa Spika kusoma dua, na wimbo wa taifa wenyewe ni dua tupu, kuanzia "Mungu ibariki Afrika" hadi mwisho. Kama kuomba peke yake kungekuwa kuvunja Katiba, watoto wetu wangekuwa wanaivunja kila asubuhi mstarini.

Ila usiishie ibara ya 3, fungua na ya 19. Inasema kufanya ibada ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mimi nimeng'ang'ania neno hilo moja, hiari. Mbunge aliiomba kazi ile mwenyewe, akazunguka jimbo zima akiitafuta. Mwanakijiji hakuomba chochote. Ukishatimiza miaka 18 na unaishi pale kijijini, mkutano mkuu ni wako, na ndipo mahali ambapo unaweza kusimama na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Haki ya kuuliza swali hilo hailipiwi kwa kuitikia Amina.

Mtaani kwetu tunapokezana, mkutano huu shehe, unaofuata mchungaji. Bado watu wananung'unika. Tumekosea wapi? (Mwenyekiti wa mtaa, Morogoro)

Nia yenu ni njema na desturi hiyo tumeizoea kwenye sherehe za kitaifa na misiba mikubwa. Tatizo ni kwamba zamu haziishi. Ukimpa mchungaji wa Kilutheri, Mkatoliki atauliza, Msabato atauliza, na wale wa kanisa la turubai kule bondeni nao watauliza. Mzee wa matambiko yeye hatauliza. Anajua hakuna aliyewahi kumfikiria.

Halafu kuna jambo la pili, nalo nimelishuhudia kwa macho. Niliwahi kuwa mwandika mihtasari ya vikao kwenye halmashauri moja nisiyoitaja. Siku hiyo mbele yetu kulikuwa na mgogoro wa mpaka kati ya wakulima na wafugaji. Ukumbi umejaa, wafugaji wamesimama nyuma na fimbo zao mabegani. Aliyealikwa kutuombea alianza vizuri, Mungu atupe hekima, Mungu awape viongozi subira. Dakika ya nne akamwomba Mungu awaguse mioyo "wale wanaolisha mifugo kwenye jasho la wenzao". Mimi sikuwa nimefumba macho, nilikuwa natafuta kalamu, nikaona fimbo moja inashuka kutoka begani. Kufikia dakika ya saba shauri lililokuwa ajenda namba tano limeshahukumiwa, na upande mmoja ulikuwa haujapewa hata nafasi ya kukohoa. Amina ilipotoka, nusu ya ukumbi haikuitikia. Kikao kile hakikufika hata kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka muhtasari wa kikao kilichopita.

Dua ndiyo hotuba pekee ambayo mtu hawezi kuikatiza. Diwani akichafua hewa unaomba mwongozo wa mwenyekiti, unaomba kutoa taarifa, unagonga hata meza. Nani atamwomba mwongozo mtu anayeongea na Mungu?

Kwa hiyo, mwenyekiti, achaneni na zamu. Andikeni dua moja fupi ya Kiswahili, isomwe na wewe mwenyewe, neno kwa neno, kila mkutano. Mfano upo, ile ya Bunge. Inamwita Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na dunia, inaomba umoja, haki, amani, hekima na busara, basi. Haimtaji nabii wa yeyote wala haimsemi jirani. Au fanyeni ninalolipenda zaidi mimi, kimya cha dakika moja, kila mtu aombe anavyojua. Hapo hata mzee wa matambiko kapata zamu yake.

Sina dini. Wenzangu wakisimama kuomba, naweza kubaki nimekaa? (Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Njombe)

Kaa. Tulia, usichezee simu, heshima tu ya mtu na mtu.

Najua utaambiwa "si utoke nje kidogo halafu urudi". Hilo lilijaribiwa Kanada, katika mji wa Saguenay, jimbo la Quebec. Meya alikuwa akianza vikao vya baraza kwa sala na ishara ya msalaba, na mkazi mmoja asiyeamini akalalamika. Baraza likaja na suluhisho kwamba baada ya sala zipite dakika mbili ndipo kikao kifunguliwe rasmi, ili asiyetaka kusali asubiri nje kisha aingie. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwezi Aprili 2015 majaji waliikataa sala ile, na mlalamikaji akapewa fidia ya dola 30,000. Hoja iliyonigusa ni ile ya mlango. Ukimtaka mtu atoke mbele ya jirani zake, umemlazimisha kuitangaza imani yake, au kutokuwa nayo. Kule ni mji wenye watu wengi. Wewe fikiria kijijini kwako, mlango mmoja, na mama mkwe kakaa mstari wa mbele.

Naona unataka kuniuliza, mbona dakika mbili zile ndizo hizo hizo ninazopendekeza mimi, dua kabla ya kufungua? Zinafanana, nakubali, na ndiyo maana nasisitiza dua isiyo ya dhehebu, au kimya. Kuihamisha sala ya kanisa moja kutoka saa tatu kamili kwenda saa tatu kasoro dakika mbili hakuifanyi iwe ya wote.

Mkutano uliopita tulisahau dua. Mzee mmoja akadai kila tulichoamua ni batili. Anasema kweli? (Mtendaji wa kijiji, Lindi)

Hapana. Angalia kama tangazo la mkutano lilitoka kwa wakati, akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, ilitimia na mahudhurio yamesainiwa. Hivyo ndivyo vinavyoua au kuokoa mkutano. Mwambie mzee wetu kwa adabu, na safari ijayo usiiandike dua kwenye muhtasari kama ajenda namba moja. Ukiipa namba, kesho mtu atataka ithibitishwe, na keshokutwa atataka yatokanayo nayo.

Niko Uingereza. Nasikia huku mahakama ilikataza sala kwenye mabaraza ya miji, lakini baraza la hapa kwetu bado linasali. Imekuwaje? (Msomaji, Leicester)

Ulichosikia ni kweli, ila ni nusu. Mwezi Februari 2012 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kuhusu baraza la mji wa Bideford, kule Devon. Diwani mmoja wa zamani asiyeamini, akiungwa mkono na chama cha watetezi wa serikali isiyofungamana na dini, alipinga sala iliyokuwa ndani ya kikao rasmi. Jaji hakusema sala inavunja haki za binadamu. Alisema kitu kikavu zaidi, kwamba sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 haikuwapa madiwani mamlaka ya kuifanya sala kuwa sehemu ya kikao. Kabla ya kikao, ruksa. Unaona sasa fundisho langu la "kabla ya kufungua" nililitoa wapi.

Wanasiasa hawakukubali. Serikali iliharakisha kutumia sheria nyingine iliyowapa mabaraza mamlaka mapana, kisha mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria mahususi inayoruhusu mabaraza ya Uingereza kuweka sala ndani ya shughuli zao yakitaka. Kuruhusiwa si kulazimishwa, kwa hiyo baraza lenu limechagua. Ukitaka libadilike, mwone diwani wako.

Nyinyi Watanzania mna muda. Huku kwetu hata baraza la chifu linafunguliwa kwa maombi na hakuna anayelia. (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, nyinyi utangulizi wa Katiba yenu ya 2010 unautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, na ibara ya 8 ya Katiba hiyo hiyo inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Mmeyaweka yote mawili nyumba moja na mnaishi nayo, hongereni. Maspika wa mabunge ya kaunti nao husoma dua iliyoandikwa, sina neno. Ila umetaja baraza la chifu, na pale wanakuja wananchi wa kawaida. Kwamba hakuna anayelia, umemuuliza yule aliyekaa pembeni kabisa?

Mwenyekiti wetu wa kijiji akiulizwa mapato na matumizi anasema "muda umekwenda, tusimame tuombe". Tumfanyeje? (Wanakijiji watatu, Tabora)

Hili ndilo swali nililolingoja. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni mali yenu, si hisani ya mwenyekiti. Mtendaji ndiye anayeandika muhtasari, basi mwambieni aandike kwamba swali liliulizwa, na nani, na kwamba halikujibiwa. Mkutano unaofuata, muhtasari ukisomwa, swali hilo litarudi lenyewe kama yatokanayo. Asipoliandika, pelekeni barua kwa mtendaji wa kata, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Na siku hiyo yenyewe, mkiona anaanza kuvua kofia, nyoosheni mikono kabla hajafumba macho.