Konseye ameandika shida zetu katika daftari. Je, baada ya hapo?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Lubumbashi, katika komini (sehemu ya mji yenye baraza lake) ambayo sitaitaja. Konseye wetu, yaani diwani, huja siku ya Jumamosi mbele ya kanisa, anasikiliza shida zetu na kuziandika katika daftari, kisha anatupa habari za komini. Tangu mvua za mwaka jana tumemweleza juu ya mtaro wa avenue yetu, uliojaa mifuko ya plastiki na majivu ya makaa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani ya nyumba, nami ninaipandisha meza yangu ya unga juu ya matofali. Kila tukimuuliza anajibu kwamba habari imekwisha kufika juu. Je, kazi yake inaishia hapo? Sisi tumfuate nani? – Mama muuza unga

JIBU: Mama, konseye wako hakudanganyi anaposema kwamba habari imefika juu, lakini amekuacha bila kujua hiyo juu ni wapi. Diwani wa komini, ambaye sisi hapa tunamwita konseye, amechaguliwa na wakaaji wenyewe. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulikuwa wa kwanza wa madiwani wa komini chini ya Katiba ya 2006. Wazee wa mji huu watakukumbusha kwamba Élisabethville ya zamani, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilikuwa miongoni mwa miji 3 ya kwanza ya Kongo kupiga kura ya namna hiyo, mnamo Desemba 1957, kwa hiyo si jambo geni kabisa kwetu. Shefu wa kartiye (mtaa ndani ya komini) ni mtu mwingine: yeye ni mtumishi wa utawala, na kartiye yenyewe, kwa sheria, haina bajeti yake.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi (hizi mbili ni maeneo ya vijijini) imezigawa kazi. Baraza la madiwani linajadili, linaamua na kupitisha bajeti ya komini. Anayetekeleza ni bourgmestre, yaani mkuu wa komini, pamoja na msaidizi wake na washauri wawili wanaoitwa échevins. Usafi, mitaro ya maji machafu na masoko ya komini ni miongoni mwa mambo yanayolihusu baraza hilo. Basi mtaro wako umo katika kazi yao, ila konseye mmoja, hata awe na bidii ya namna gani, hana jembe wala mfuko wa kulipa vibarua. Alicho nacho ni kinywa barazani na kura yake wakati wa bajeti, na hapo ndipo pa kumbana.

Niliwahi kuketi karibu na konseye mmoja katika mkutano kama huo wenu na kuchungulia daftari lake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa vizuri, jina la avenue na namba za nyumba. Kufikia ukurasa wa tatu yalibaki maneno matupu: maji, umeme, barabara, maji. Sikumlaumu, kwa maana watu walikuwa wakisema wote kwa pamoja. Lakini sijui ni baraza gani linaloweza kujadili neno "maji".

Kwa hiyo msimwachie daftari peke yake. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: mtaro unaanzia kona gani na unaishia wapi, umeziba hatua ngapi, nyumba ngapi zinaingiwa na maji, na tangu mwezi gani. Wakaaji watie sahihi, barua iende kwa bourgmestre, nakala kwa konseye, na nakala yenu igongwe mhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Mhuri huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika muda wa miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya ombi lake. Bila tarehe, miezi 3 mtaihesabu kuanzia wapi? Mkipeleka sasa, kabla mvua za Novemba hazijaanza, mtakuwa mmejipatia nafasi.

Jumamosi ijayo, konseye akileta habari, mwulizeni pia juu ya pesa. Ikiwa ndani ya mipaka ya komini yenu kuna mgodi unaochimbwa, kanuni ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitengea komini au sekta husika asilimia 15 ya mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo mchimbaji huyatoa kwa madini anayoyachimba. Swali hilo watu wa mji wa shaba hawaliulizi mara nyingi, nami nashangaa kwa nini.

SWALI: Konseye wetu alitangaza kwamba ushuru wa meza sokoni umepanda, na siku ileile kijana mmoja akaanza kukusanya. Tulipe? – Wauza mboga watatu

JIBU: Tangazo la mdomo si risiti. Konseye anaruhusiwa kuwapa habari, lakini kukusanya pesa si kazi yake, wala hawezi kumtuma kijana wake kuikusanya. Mwombeni huyo kijana hati ya kazi yake na risiti yenye mhuri na namba, na mwombeni konseye awaonyeshe karatasi ya uamuzi wenyewe, yenye tarehe na sahihi. Akisema kwamba bado haijatoka, endeleeni kulipa kiasi cha zamani, na risiti zenu mzihifadhi.